Ngitili ya Kamongo

Baba yangu alizaliwa pwani, akaja Mwanza kwa reli na cherehani yake, na mpaka anakufa hakuacha kuwacheka watu wa ziwani kwa jambo moja: kwamba wanamwogopa samaki. Kwao, alisema, kuna papa anayeweza kummeza mtu na viatu vyake, na bado watu wanamvua, wanamtia chumvi, wanamwanika juani, kisha wanamla kwa nazi. Mama yangu, Msukuma wa upande wa Misungwi, alimjibu kwamba ndiyo maana pwani kunanuka. Mazungumzo hayo yalirudiwa nyumbani kwetu Mirongo kila papa mkavu alipofika na garimoshi kutoka kwa ndugu zake, na mimi nikakua nikiamini kwamba hofu ya samaki inategemea tu mtu amezaliwa upande gani.

Samaki aliyeogopwa kwetu alikuwa kamongo. Ana mwili mrefu kama wa nyoka, mapezi yake ni kamba nne zinazoning'inia, na meno yake yakishika kitu hayakiachi kizima. Zaidi ya hayo, anapumua hewa. Hupanda juu ya maji, huvuta pumzi kwa sauti ya kusikika, kisha huzama tena. Wanaume walimvua na kumla bila maneno mengi. Wanawake wengi hawakumla wala kumgusa, na ukiuliza sababu kila mmoja alikuwa na yake: ya ukoo, ya uzazi, au ya kwamba bibi alikataza, basi.

Shuleni mwalimu wetu wa elimu ya viumbe alimpasua kamongo mmoja juu ya meza ili tuone mapafu. Wenzangu walifumba macho. Mimi niliyaangalia mapafu yale nikampenda samaki yule, na sijui kueleza kwa nini. Mwalimu akatuambia kwamba dume ndilo linalolea. Jike hutaga katika shimo lililochimbwa matopeni katikati ya majani, kisha huenda zake. Dume hubaki mlangoni kulinda mayai na watoto, na mtu akipitisha mguu au mkono pale, humng'ata. Nilitoka darasani nikiona kwamba kamongo amesingiziwa. Nilikuwa na umri wa kuona kwamba kila mtu amesingiziwa.

Miaka michache kabla ya uhuru niliajiriwa kuwafundisha akina mama kusoma, kushona na kutunza watoto, katika kijiji kilichokuwa kando ya ghuba, si mbali sana na Misungwi. Waliniita bibi maendeleo ingawa nilikuwa msichana, na kwa kuwa kuku mgeni hakosi kamba mguuni, walinitambua mara moja kwa viatu vyangu na kwa Kisukuma changu cha mjini. Darasa letu lilikuwa ghala la pamba lisilotumika. Asubuhi akina mama walikuwa mashambani, mchana walikuja kwangu na matope miguuni, wakakaa kwenye mikeka, wakashona huku wakiteta watu. Niliwafundisha herufi, wakanifundisha nani kagombana na nani. Sikuona kama nilipunjwa.

Kulima walilima kwa zamu. Leo kikundi kizima kinaingia katika majaruba ya mpunga ya mmoja wao, kesho ya mwingine, mpaka wote wamepaliliwa. Mwanamke peke yake haliwezi jaruba la mpunga, kwa hiyo kukosa zamu yako ilikuwa sawa na kukosa shamba.

Katika kikundi hicho alikuwamo mjane mmoja, mwanamke mfupi, mkavu wa maneno, mwenye watoto wadogo. Mumewe alikuwa amekufa mwaka uliotangulia. Shemeji yake, kaka mkubwa wa marehemu, alitaka kumrithi, mjane akakataa. Shemeji hakugomba. Alisema tu kwamba shamba ni la ukoo, na kwamba atangoja. Alichokingoja kila mtu alikijua. Desturi ya pale ilikuwa kwamba shamba likikaa msimu mzima bila kulimwa, linarudi kwa mwanangwa, mkuu wa kijiji, naye humpa mwingine. Na huyo mwingine alikuwa anajulikana tayari.

Shamba lenyewe lilikuwa la mwisho kabisa, limepakana na mafunjo ya ziwa. Mvua zilipokolea, mjane alikwenda kuanza kupalilia ukingoni. Akatia mkono kwenye majani yaliyofunika maji ili ang'oe mizizi, na kamongo akamkata ncha ya kidole cha shahada cha mkono wa kushoto. Aliletwa kwangu kwa sababu nilikuwa na sanduku la dawa. Niliosha, nikafunga. Hakulia. Aliniuliza kama ataweza kushika sindano, nikamwambia ataweza, ingawa sikuwa na hakika.

Siku ya zamu yake ilipofika, hakuna aliyeingia. Walisimama kwenye tuta, wakayatazama yale maji, wakarudi. Siwezi kuwalaumu, aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na pale aliyeumwa alikuwa kati yao, na kitambaa kidoleni. Lakini shemeji naye alikuwa amepeleka neno kijijini. Alisema kamongo hamng'ati mwenye shamba. Kamongo anawajua wenyeji wa maji yale tangu babu zao, na akimng'ata mtu, basi mtu huyo ni mgeni. Alilisema kwa upole, kwenye pombe, mbele ya watu wazima, na likaenea kuliko kama angelipigia kelele.

Hilo lilinikasirisha. Nilikasirika kwa ajili ya mjane, na nakiri nilikasirika pia kwa ajili ya samaki. Nikaamua kufundisha somo ambalo halikuwamo katika kazi niliyotumwa.

Kwanza nilimchora kamongo ubaoni. Nilitaka waone kila kitu, mapafu na meno na zile kamba nne, kwa hiyo nilimchora ubao mzima, kutoka pembe hadi pembe. Hilo lilikuwa kosa. Akina mama walitazama, mmoja akauliza kwa sauti ndogo kama aliyeko shambani ni mkubwa kiasi hicho. Nikasema hapana, huyu nimemkuza. Wakauliza kwa nini basi nimemkuza. Siku iliyofuata waliohudhuria walikuwa nusu, na hao nusu walikaa mbali na ubao.

Nikaona kwamba picha haitoshi. Jumamosi nilikwenda Mwanza, nikashuka mwaloni wanakotua wavuvi, nikanunua kamongo mzima, mchanga kidogo, wa urefu wa mkono wangu. Nikamtia kwenye debe lenye maji na majani. Mama aliposikia debe linavuta pumzi barazani kwake alikataa nisiingie nalo ndani, na baba akacheka mpaka akakohoa. Ndani ya basi nililishika debe mapajani. Abiria wa karibu yangu aliuliza nimebeba nini. Nilipomwambia, alihamia nyuma, na hivyo nilisafiri kwa nafasi.

Jumatatu nilimwaga maji kwenye karai kubwa katikati ya ghala, nikamweka. Niliwaambia akina mama kwamba huyu ni baba mlezi. Niliwaambia yote niliyofundishwa: kwamba hawindi watu, kwamba hana habari nao, kwamba anayemng'ata ni yule tu anayefika mlangoni pake. Walikuwa wametulia, na nikaanza kuona somo linaingia. Kamongo akapanda juu, akatoa pumzi ndefu, kama mzee aliyeletewa habari ya msiba. Ghala likabaki tupu. Wengine walitoka mlangoni, wengine dirishani, na mama mmoja mjamzito alipita juu ya cherehani.

Nilirudi kwenye karai. Ili kujithibitishia kwamba yeye si mkali, nilimgusa kwa rula. Akaing'ata, akaivunja. Nilibaki na kipande mkononi, nikamchukia kwa muda.

Mjane alikuwa amesimama nje, kwenye dirisha, na kidole chake kilichofungwa kikiwa juu ya kingo. Hakuwa jasiri kuliko wenzake. Ni kwamba wenzake walikuwa na mashamba mengine ya kufikiria. Aliniuliza maswali mawili tu. La kwanza, je, mlango wa huyu ni mmoja au anahamahama? Nikamwambia mlango ni mmoja, hauachi mpaka watoto wakue. La pili, wakishakua? Nikasema wanaondoka, na yeye anaondoka, anarudi ziwani au anajizika matopeni kiangazi kikifika. Akanishukuru, akaenda zake. Nilimwachilia kamongo wangu katika maji ya ghuba jioni ile, mbali na mashamba, na sikutazama nyuma.

Sasa inabidi nieleze ngitili. Usukumani ng'ombe ni wengi na kiangazi ni kirefu, kwa hiyo mwenye shamba hutenga sehemu ya majani yake mwanzoni mwa mvua, akaifunga. Hakuna ng'ombe anayeingia, hata wake mwenyewe, mpaka kiangazi kikaze ndipo aifungue. Hiyo ndiyo ngitili. Haina ukuta wala miiba. Pale kijijini alama yake ilikuwa mafundo ya nyasi yaliyofungwa kwenye mpaka, na mtoto wa miaka mitano aliyafahamu. Anayeivunja hupelekwa kwa wazee na kutozwa. Shemeji yule alikuwa na ngitili kubwa kuliko zote, na mwaka uliopita alimtoza jirani mbuzi kwa sababu ndama wake alivuka mpaka akala majani ya mdomo mmoja.

Kesho yake mjane alikwenda shambani na mtu mmoja tu, yaani mimi. Tulitembea juu ya tuta, tukitazama majani. Tulimwona mwenyewe kabla ya kuliona shimo: maji yalitikisika, pua ikatokeza, pumzi ikasikika, akazama. Karibu na hapo kulikuwa na njia nyembamba katikati ya majani, safi, kama iliyofagiliwa. Mjane akakata vijiti, akavichomeka mbali kidogo kuzunguka kona ile, na kwenye kila kijiti akafunga fundo la nyasi. Kidole kilimsumbua, nikataka kumsaidia kufunga. Akaniambia hapana, lazima afunge yeye. Nikadhani ni ukaidi.

Jioni alipita nyumba kwa nyumba akiwaambia wenzake kwamba kona ya mafunjo ameifunga ngitili, na kwamba kwingine kote ni mpunga. Hakutaja samaki. Asubuhi walikuja. Walisimama tena kwenye tuta, wakayaona mafundo, wakaanza kuulizana maneno ya kawaida: nani anaanzia huku, nani ana mtoto mgongoni. Wakaingia. Walipalilia mpaka hatua chache kutoka kwenye vijiti, wakageuka. Mara kwa mara pumzi ilisikika ndani ya majani na migongo yote ikanyooka, kisha ikainama tena. Mmoja akasema, "Mwenye ngitili ameamka," wakacheka.

Mimi nilikaa kwenye tuta nikijiona mwalimu mkubwa.

Palizi ilikuwa katikati siku shemeji alipokuja. Alikuja na wanawe wawili, wamebeba vikapu vya utupa uliotwangwa, ule mmea unaotiwa majini kuwalevya samaki. Akasalimia vizuri. Akasema amesikia akina mama wanapata taabu, naye kama mkubwa wa ukoo amekuja kuwasafishia shamba. Kila mtu alielewa. Shamba alilolisafisha yeye, kesho angekuwa na neno juu yake. Na utupa ukishatiwa haubagui. Mtego wa panya hunasa waliokuwemo na wasiokuwemo, na chini ya pale ndipo ng'ombe wa kijiji walipokunywa. Nilitaka kusema hayo yote, na nilikuwa nimeshafungua mdomo, lakini mjane alinitangulia.

Alitoka ndani ya maji, akapanda kwenye tuta, akapiga goti kama inavyompasa shemeji mkubwa. Akasema, "Shikamoo, shemeji. Hiyo ni ngitili."

Shemeji akayatazama mafundo. Akauliza, "Nani amefunga?"

"Nimefunga mimi."

Akina mama waliacha kupalilia. Wale vijana wawili walimtazama baba yao, vikapu vichwani. Nilimwona akifikiri, na leo nadhani najua alifikiri nini. Angeweza kusema kwamba ngitili ya kumfungia samaki haijapata kusikika. Lakini mafundo ni mafundo. Kama angeyavuka ya mwanamke yule mbele ya kikundi kizima, kufika jioni ndama wote wa kijiji wangekuwa ndani ya majani yake, na wenye ndama wangemuuliza mafundo yake yana tofauti gani na ya mjane. Jirani wa yule mbuzi angekuwa wa kwanza. Mkuki kwa nguruwe mtamu.

Akaliinamia fundo moja, akaligusa kama anayetazama limefungwa na mkono wa nani. Kisha akawaambia wanawe warudi. Utupa waliumwaga njiani, mbali na maji.

Nilifurahi kupita kiasi. Usiku nilimwandikia baba kwamba kamongo amepata heshima yake Usukumani, na kwamba nimefaulu pale ambapo watu wa pwani walijisifu bure. Niliamini kabisa kwamba nimewafundisha watu kumthamini mnyama waliyekuwa wakimwogopa.

Mpunga ulikomaa, ukavunwa. Wakati wa kuanika, shemeji alipeleka shauri lake kwa mwanangwa hata hivyo. Alidai kwamba kidole ni ushahidi, kwamba maji yenyewe yalimkataa mwanamke, kwamba ardhi ni ya ukoo. Tulikaa nje ya nyumba ya mwanangwa, wazee mbele, akina mama nyuma, nami pembeni nikiwa nimejiandaa kusema habari za mayai na mapafu. Sikuulizwa. Mwanangwa alikuwa mtu mnene, mchovu, aliyekuwa na mashauri mengine siku ile. Alimgeukia shemeji.

"Ulipokwenda na utupa, kona uliikuta vipi?"

"Imefungwa."

"Ukaingia?"

"Sikuingia."

"Aliyefunga ni nani?"

Shemeji aligeuza shingo akatazama nyuma. Mashahidi walikuwa wamekaa nyuma yake, kikundi kizima.

"Yeye," akasema.

"Basi umeshamaliza mwenyewe," mwanangwa akasema, na akaita shauri linalofuata.

Ilinichukua njia nzima ya kurudi kuelewa, na mama mmoja ilibidi anieleze kama anavyoelezwa mtoto. Ngitili hufungwa na mwenye ardhi, na hakuna mwingine awezaye kuifunga. Siku shemeji aliposimama mbele ya mafundo akageuka, alikiri mbele ya watu wote kwamba ardhi ina mwenyewe, na kwamba mwenyewe si yeye. Ndiyo sababu mjane hakukubali niguse hata fundo moja. Sikujua nicheke au niudhike, nikafanya yote mawili.

Baada ya uhuru nilihamishiwa kwingine, nikapita kuaga. Mjini Mwanza bendera mpya zilikuwa bado zinapepea madukani, na kijijini watu walizungumza kama machifu wataondolewa, na wanangwa wao pamoja nao. Mjane alinifungia mchele katika kanga ya zamani. Mvua zilikuwa zimeanza, akanipeleka shambani kunionyesha kwamba vijiti viko mahali pake na mafundo ni mabichi. Alikuwa akiifunga kona ile kila mwaka. Nilihesabu mashamba mengine matatu kando ya mafunjo yenye mafundo ya namna hiyo, yote ya wanawake.

Tulisimama kwenye tuta. Maji yakatikisika, pumzi ikasikika. Nikaona mabega yake yameruka, na mkono wenye kidole kifupi umejificha ndani ya nguo. Miaka yote ile nilikuwa nikiwasimulia watu kwamba nilimwondolea mwanamke mmoja hofu. Nikamuuliza kama bado anamwogopa.

"Sana, mwalimu," alisema. "Mimi na wengine wote. Asipoogopwa, atanilindia nini?"